Deki na Sauti ya Desderius

Redio ya CD ya bibi Kokuhirwa ilipokufa, bintiye Beata alimletea deki ya DVD kutoka mjini Kayanga.

"Mama, hii inacheza kila kitu, hata picha!"

Kokuhirwa hakutaka picha. Alitaka CD moja tu ya kwaya, ambamo marehemu mumewe Desderius aliimba besi peke yake. Kwa redio ile alikuwa akifumba macho, na mzee yumo chumbani, hana haraka. Deki ilitoa sauti kupitia tivii, na kwenye kioo chake sekunde zilizobaki za wimbo zilipungua mbele ya macho yake.

"Si uizime tivii, Mama?"

"Nikiizima, na baba yako ananyamaza."

Akaifunika tivii kwa kanga, akafumba macho. Desderius alipoanza kuimba, akajikuta anazihesabu sekunde mwenyewe.