Uvimbe Uliozikwa Bwera

Naswiba aliuza vitenge soko la Bwera, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Mteja aliyekuja kuangalia tu aliondoka na kitenge kwapani. Lakini uvimbe uliporudi kwenye titi lake la kushoto, palepale penye kovu, ulimi ulimkauka. Ule wa kwanza ulitolewa kliniki moja ya mtaani, akaambiwa ni kivimbe cha wasichana tu, hakina neno. Huu wa sasa ulikua kama uliotumwa. Sidiria ya mwezi uliopita haikumtosha tena.

Huko hospitali ya Kasese, daktari Clare aliupapasa, akaupapasa tena. Jamani, hakuna kinachotisha kama daktari anayerudia kupapasa. Kisha akaeleza kwamba huenda ni uvimbe adimu uitwao filodi, unaofanana mno na kile kivimbe kisicho na madhara. Mara nyingi huwa mpole, ila upo unaogeuka saratani, na kwa macho na mikono huwezi kuutofautisha. Sharti nyama yake ipimwe maabara. Akauliza ule wa kwanza ulipelekwa wapi.

Naswiba alimtazama mama yake, Saudah. Saudah akasema ukweli. Walikuwa wameuzika. Kiungo cha Muislamu hakitupwi jalalani mbwa wakakigombania. Saudah aliuomba pale kliniki, wakampa bila swali, akauvika kitambaa cheupe, akaufukia nyuma ya jiko na dua akasoma. Alifanya kwa mapenzi, nani angemlaumu?

Daktari hakugomba. Alisema atakata tena, kwa upana zaidi, na safari hii nyama iende Mbarara kupimwa. Siku za kungoja zilimtesa Naswiba. Kila alipoamka mkono ulikuwa tayari uko kifuani, unapima, na kila alipopima aliona umeongezeka. Alijiona anaoza angali hai.

Alipozinduka baada ya upasuaji, alimkuta mama yake kando ya kitanda, kitambaa cheupe mapajani. Muuguzi alisimama na chupa yenye ile nyama ndani ya dawa ya kuihifadhi, maana ndugu wa mgonjwa ndiye anayeipeleka maabara, na Saudah alikuwa amekataa kuipeleka.

"Mutoto yangu, nyama ya mutu haitembezwi," alisema Saudah. "Waambie wanipe niisitiri."

"Mama, ukiizika hii, anayefuata ni mimi."

Saudah akakikunja kitambaa, akaipokea chupa, akaenda Mbarara ameipakata njia nzima.

Majibu yaliporudi, daktari Clare aliwaambia waketi. Ni filodi, na imeanza kugeuka saratani. Tena hata kwenye kingo za nyama iliyokatwa bado ilionekana, yaani nyingine imebaki mwilini, kwa hiyo titi lote litoke, upesi. Saudah ndiye aliyejibu.

"Kateni, dakitari. Mupime yote. Itakayobaki ndiyo nitazika."

Naswiba akaushika mkono wa mama yake.