Mnong'onezi wa Mfalme

Marehemu aliinuka, akapangusa majani kwenye joho lake la mahameli, akaenda mezani kujimiminia divai. Hakuna aliyecheka. Katika mchezo wetu wa Mei, ambao kwa ukaidi wetu tunauimba Agosti, kwenye uwanja wa nyasi katikati ya msitu, wafu hujiondoa wenyewe, maana vita ni vingi na wabebaji hakuna. Ndivyo walivyofanya babu zetu, wachunga kondoo na wachonga marumaru, waliozipokea tenzi za mashujaa wa kale kwa masikio tu, wakazirithisha kama watu wanavyorithishana shamba. Au kidonda.

Mimi sikurithi kitu. Ukoo wetu haukupewa hata mkuki wa kushika. Nafasi za wafalme zilikaa katika nyumba zilezile zilizokaa na funguo za kila mlango hapa milimani. Nilijifunza mwenyewe, baada ya kustaafu, kifua kikiwa kimejaa vumbi la mawe: mizani nane kila mshororo, mkono juu, zunguka uwanja, fidla ikinyamaza wewe anza. Nimewaua wafalme wengi jikoni kwangu, mpaka jirani akagonga ukuta.

Kundi liliponipokea, kero ya kwanza ilikuwa Dosolina, mnong'onezi wetu. Wanong'onezi wa kwingine, nasikia, hujificha. Wa kwetu hatafuti pa kujificha: hutembea uwanjani mbele ya hadhara nzima, na sketi yake ya sokoni, amemganda mwimbaji kisogoni kama kupe, akimtilia kila mshororo sikioni kabla hajauimba.

"Naujua!" nilimfokea siku ya kwanza ya mazoezi.

"Najua kwamba unaujua. Leta sikio."

"Dosolina, maisha yangu yote nimehutubia wafanyakazi bila karatasi. Hakuna aliyewahi kunitia neno kinywani."

"Ndiyo maana hotuba zako zilikuwa haziishi, Gisto."

Kundi zima likaangua kicheko. Nikameza.

Kero ya pili haikuwa ya kumeza. Nevio, muuza nyama anayeliongoza kundi, alinipa nafasi ya msaliti, yule anayewafungulia maadui lango la mji. Mwishoni msaliti hupiga magoti mbele ya mfalme na kuomba radhi. Mfalme alikuwa Prospero.

Niseme wazi, kwa kuwa hapa kijijini watu husahau kwa hiari yao. Mwaka wa mgomo mkuu, Prospero ndiye aliyekuwa na ufunguo wa lango la machimbo. Tulilala mbele ya lango lile na theluji mabegani. Alfajiri moja akalifungua upande wa nyuma, malori yakaingiza watu wa kuchukua kazi zetu. Tangu hapo tumepishana njia moja nyembamba, misiba kwa harusi, na sijamtupia hata salamu.

"Lango alifungua yeye," nilimwambia Nevio, "halafu niombe radhi mimi?"

"Ni mchezo, mzee wangu."

"Basi tubadilishane."

"Ufalme ni wa ukoo wao, unajua. Sikiliza. Msaliti asipoomba, mfalme hasamehe. Mfalme asiposamehe, mchezo hauishi, na watu hawaendi kula. Piga magoti, au nimpe joho mtu mwingine."

Mtu mwingine! Niliutaka ubeti ule wa kuomba radhi kama mlevi anavyoitaka chupa. Ulikuwa mzuri, na uzuri wake uliniudhi kuliko yote. Kwenye mazoezi niliuimba wima, nikisingizia goti.

Jumapili ya mchezo hakukuwa na la kusingizia. Watu walituzunguka pande zote, vikapu vya mkate na jibini miguuni. Fidla ikanyamaza. Nikashuka chini, mfupa baada ya mfupa, nikaimba:

*Mfalme, nimekosa,*
*lango nimelifungua,*
*haya inanisumbua,*
*sina la kujitakasa.*

Sauti ilitoka mahali ambapo sikuwahi kuituma. Bibi mmoja mstari wa mbele alifuta macho kwa kitambaa cha jibini. Kisha ikawa zamu ya mfalme.

Mfalme hakuimba.

Dosolina akamnong'oneza. Akamnong'oneza tena, kwa nguvu, hata mimi nikasikia. Nevio akawazungushia wapigaji muziki kidole. Fidla ikarudia mzunguko wake, ikaumaliza, ikaanza mwingine.

"Imba, bwana," nikamwambia kwa meno. "Goti linaniua."

"Siwezi."

"Umesahau?"

"Sijasahau kitu." Manyoya ya kofia yake ya chuma yalikuwa yakitetemeka. "Mimi nikusamehe wewe, Gisto? Mimi?"

"Msamehe basi, maharage yanapoa!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na uwanja ukacheka.

Nilimkodolea macho Dosolina: fanya kazi yako, mwanamke! Naye, shetani yule, akayakunja maandishi yake, akayatia kwapani, akarudi nyuma hadi kwa wapigaji.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia mtu huyu. Nimeyanoa miaka yote hiyo, kila baridi, yakawa makali kiasi cha kunikata mwenyewe. Lakini hapakuwa na nafasi ya mengi. Mshororo uliotakiwa ulikuwa mmoja, tena haukuwa wangu. Na mtu hawezi kumkumbusha mwenzake mshororo bila kuutamka mwenyewe, akimtazama usoni. Vinginevyo nibaki miguuni pa Prospero mpaka nyasi zinifunike.

"Nakusamehe, inuka," nikasema chini chini.

Haikutosha kuitwa sauti. Prospero akainama, uzee wake wote ukilia ndani ya deraya ile ya bati ya mfalme, mpaka manyoya yakanigusa paji la uso.

"Sikusikia vizuri," akasema. "Rudia."

Fidla ikafika mwisho, ikaanza upya. Nikavuta pumzi.