Binti Aliyesimama Mguuni pa Mfalme

Amri ililetwa na Penbui, karani wa kazi za mawe, mtu mnene, mwoga wa ngazi, asiye na ubaya wowote moyoni. Hilo ndilo lililokera zaidi. Mtu kama huyo hata kumchukia huwezi.

"Hatiayi, ndugu yangu, nisikilize bila kupiga kelele," alisema. "Yule binti wa jiwe aliye mguuni pa mfalme. Jina lake lifutwe na pua ivunjwe. Mwisho kesho, kabla ya jua la utosi."

"Pua ya nini tena? Jina halitoshi?"

"Kwani mimi ndiye niliyeamua? Mfalme mpya hataki hata kusikia habari za dada yake. Kila alipochongwa, anavunjwa. Wanasema alikula njama, sijui na nani. Mimi nahesabu mawe tu."

"Mtume Rehu basi. Ana nyundo yake."

Penbui alicheka kidogo. "Rehu? Huyo atavunja uso mzima na goti la mfalme juu yake. Wewe ndiye uliyemchonga. Ukimgusa wewe, itavunjika pua peke yake."

 Neno lolote ambalo Hatiayi angelisema lingemponza.

Sanamu ile ndiyo iliyokula ujana wake. Jiwe lilitoka Mlima Mwekundu, kaskazini mbali, likapandishwa kwa mto, kisha likavutwa na watu mia sita juu ya matope yaliyomwagiwa maji. Wawili liliwaponda, wakabaki chini yake. Miaka saba mafundi walilipiga kwa mawe meusi magumu na kulisugua kwa mchanga, mpaka mfalme wa wakati ule akatokea, ameketi mbele ya lango la hekalu, mikono juu ya mapaja, macho mashariki. Watu wasioruhusiwa kuingia ndani walimwendea pale nje na kumnong'oneza shida zao. Na siku makuhani walipomgusa midomo kwa tezo, kishoka cha kuchongea, wakamfungua kinywa, hapakuwa na mtu mjini Waseti aliyeliita jiwe tena. Tangu siku hiyo lilipumua, likasikia, likashiba. Jina lililochongwa juu yake ndilo lililosema ni nani anayepumua mle ndani.

Mfalme alitaka binti yake asimame kando ya mguu wake, mdogo, asifike gotini. Binti mwenyewe hakuja kukaa mbele ya patasi, wakubwa hawana muda huo. "Chonga msichana," waliambiwa. Msichana ambaye Hatiayi alimjua alikuwa mmoja tu, mwanawe Tamiti, wa miaka tisa, mwenye pua fupi iliyobetuka kana kwamba muda wote ananusa chungu cha jirani. Akamchonga huyo.

Mwaka uleule homa ikamchukua Tamiti. Hawakuwa na uwezo wa magadi wala sanda za kumhifadhi asioze, wakamzika mchangani kama wanavyozikwa watoto wa mafundi. Mafuriko ya mwaka ule yalipanda kuliko kawaida, na yaliposhuka hata kilima cha kaburi hakikuonekana. Wafu wasio na mwili hawana pa kurudi. Basi kabla makuhani hawajaja na tezo lao, baba alipanda ngazi peke yake, akalichonga jina la Tamiti nyuma ya bega la yule binti, kwenye upenyo kati yake na muundi wa mfalme. Ishara chache tu, ndogo, nazo zilitosha. Kinywa kilipofunguliwa, Tamiti naye alipata pa kukaa.

"Ungemwacha bila jina," mkewe Wabeti alimwambia siku ile ya amri, akimnyonyesha mtoto wao Henuti. "Wangemvunja binti wa mfalme, sisi inatuhusu nini? Sasa wewe umemwita mle ndani ukamfungia."

"Nilitaka apumue."

"Amepumua. Kesho ukamzibe."

"Na nikikataa?"

"Watauliza sababu. Fundi gani anaililia pua ya jiwe? Watatafuta mpaka waone." Akamvuta Henuti karibu. "Halafu wakukate pua wewe, na masikio juu yake, watupeleke sisi sote mpakani tukale mchanga. Na huyu naye. Kakosa nini huyu?"

Hatiayi alikaa akinoa patasi mpaka jua likazama. Mkewe hakuwa akimtesa. Alikuwa akisema kweli, na kweli ile haikuwa na mlango wa kutokea.

Kesho yake alipanda ngazi. Jina la binti wa mfalme alilifuta bila shida, mkono unajua kazi. Kisha akachagua patasi nyembamba kuliko zote. Chini, Wabeti alikuwa amesimama kati ya watazamaji, mtoto mgongoni.

"Funga macho, mama," Hatiayi alimwambia binti wa jiwe kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akimwambia Tamiti alipomtoa miiba. "Mara moja tu."

Akapiga. Kipande kilianguka, na watu wakakipisha. Alisubiri asikie chochote, hata pumzi. Alisikia mbwa wa hekaluni wakigombana.

Alidhani yamekwisha. Lakini Penbui alikuwa ametakiwa kuapa kwamba ameona kwa macho yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kazi akapanda ngazi, akihema na kumwomba mungu Amuni. Akakagua mbele. Akachungulia ubavuni. Akapapasa nyuma ya bega.

"Hatiayi. Hapa pameandikwa Tamiti."

Hatiayi aliipangusa patasi.

"Siulizi kama rafiki, nisikilize vizuri," Penbui alisema, na jasho lilimtiririka. "Makarani wawili wapo pale chini wanaandika kila neno. Nakuuliza mbele yao. Unamjua huyu?"

"Simjui, bwana."

Penbui aligeukia chini haraka, kama mtu anayetaka jambo liishe. "Nyie! Kuna yeyote anayemjua Tamiti?"

Jina lilipigwa kwa sauti kubwa mbele ya lango, mbele ya watu wote. Watu walitazamana. Wabeti aliupeleka mkono nyuma, akaushika mguu wa mtoto aliye mgongoni.

"Hatumjui," alisema.

"Basi na hilo lifute."

Hatiayi akalifuta. Ishara moja, ya pili, zote. Aliona haya hata kwa jinsi alivyolifuta vizuri, kwani mahali pale palibaki laini kana kwamba hapajawahi kuguswa.

Walirudi nyumbani kwa njia ya mfereji, mume mbele, mke nyuma. Walipofika penye miti ya mikuyu hapakuwa na mtu, na Hatiayi akasimama. Alitaka kulitamka lile jina, maana kwao mfu anayetajwa bado yupo, hata kama amekosa kila kitu kingine. Akafungua mdomo.

"Usimtaje," Wabeti alisema.

"Hakuna anayesikia."

"Yeye anasikia. Ametusikia wote wawili."

Henuti alianza kulia kwa njaa. Wabeti akamshusha mgongoni, akakaa chini kando ya njia, akampa titi.