Bure Ina Foleni Ndefu

Mdomo ni wangu, basi na lawama niibebe mwenyewe. Nauza nyuzi, vifungo na zipu, na duka langu liko katikati ya karakana ya Fundi na karakana ya wifi yake, kiasi kwamba nikipiga chafya, wote wawili wananiombea afya. Asubuhi hiyo Fundi alikuja kununua uzi mweupe. Nami, kwa kutaka kuonekana mtu mwema, nikamwambia, "Hongera, dada! Kumbe mama amemaliza lile blanketi lake la viraka. Nimemwona jana akilipeleka kwa wifi yako."

Nilidhani anajua. Fundi aliuweka ule uzi juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayetua yai, akatoka bila kuuchukua. Ndipo nilipoelewa kwamba nilichompa si hongera, ni pole. Mimi naishia hapo. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, na penye aibu alinisimulia mara mbili.

Alirudi karakanani akakaa, mashine hakuiwasha. Asiyemjua angesema anapumzika. Kumbe mwenzenu anaungua.

Blanketi la viraka, kama hujapata kulitazama kwa karibu, ni matabaka matatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Kuunga viraka mtu anaweza kuunga nyumbani, amekaa kitandani, anasikiliza redio. Lakini kuyabana matabaka matatu yawe kitu kimoja ni kazi ya mwenye mashine kubwa, ile ya mkono mrefu, inayotembea juu ya fremu pana kama kitanda cha familia nzima, ikichora mawimbi na maua kwa uzi. Mashine kama hizo mtaani pale zilikuwa mbili tu. Moja ya Fundi. Nyingine ya mke wa mdogo wake, ambaye aliolewa zamani lakini mpaka leo watu humwita Bibi Harusi, kwa sababu anatembea kana kwamba nyuma kuna mtu amemshikia shela.

Na Bibi Harusi alifundishwa kazi na nani? Na Fundi huyuhuyu. Wahenga walishasema, usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Fundi alikuwa amemwamsha, akamnawisha uso, akamwonyesha na tundu la sindano lilipo. Sasa wateja wakipita mtaani walikuwa wanaangalia milango miwili badala ya mmoja, na Fundi alikuwa anawahesabu wanaoingia kule, si wanaoingia kwake.

Lakini wateja ni wateja, leo wako kwako, kesho kwa mwenzako. Mama ni mmoja. Na mama alikuwa ameshasema hilo ndilo blanketi lake la mwisho, macho yameingia mtoto wa jicho na daktari haahidi kitu. Maisha yake yote alishona sare za watu, na blanketi lile aliliunga kwa masalia ya sare hizo: bluu ya wanafunzi, kijani ya wauguzi, hudhurungi ya wahudumu wa hoteli. Fundi alikuwa ameshaamua moyoni atakachochora juu yake. Alikuwa ameshachagua hata rangi ya uzi.

Mama mwenyewe alikuja nalo wiki chache nyuma, likiwa bado halijamalizwa pembe moja. Akalitandaza mezani, akauliza, "Ukinibania hili, bei gani?"

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama! Mimi nikulipishe wewe? Mimi niliyenyonya kwako? Bure, mama. Bure kabisa!"

Mama akasema, "Haya, mwanangu." Akalikunja, akaliweka kwapani, akaenda zake. Na Fundi akabaki anajisifu kwa jinsi alivyo mtoto mwema.

Kumbe jana mama ameenda kule.

"Hodi!" Fundi alisema akiwa ameshaingia kwa Bibi Harusi.

"Karibu, wifi! Leo jua limetokea wapi?"

"Limetokea kwenye bobini. Zangu zimeniishia."

Bobini za Fundi, vile vigurudumu vya uzi wa chini, zilikuwa zimejaa droo. Bibi Harusi alimsogezea kopo zima na kusema achague. Karakana yake ilikuwa zamani banda la gari, na harufu ya oili haijaisha, lakini palifagiwa mpaka Fundi akaona kama anasutwa na sakafu. Ukutani kulikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki. Mawimbi, bei yake. Maua yaliyobanana, bei yake. Kingo zilizolegea, tukae tuongee. Na chini kabisa: Ndugu, bei ni hiyohiyo, ila chai ipo.

Kwa Fundi hapakuwa na ubao. Yeye mteja alipoingia alimpima kwa macho, kuanzia viatu kwenda juu, halafu akataja kitu. Mwenye viatu vizuri alilia, rafiki alipata nusu, ndugu alipata bure. Fundi aliita hiyo kuwa na utu. Bibi Harusi aliwahi kumwambia, tena kwa heshima, "Wifi, mimi nikipima mtu nakosea. Napima kitambaa." Maneno hayo Fundi hajayasamehe.

Juu ya fremu kulikuwa na blanketi la mama. Bluu, kijani, hudhurungi, nusu limeshabanwa.

"Nione kazi," Fundi alisema, kama mtu anayeomba maji.

Alipitisha kiganja juu. Alipitisha kiganja chini ya fremu, kutafuta uzi uliolegea, kama anayetafuta chawa kwenye nguo ya mwenziwe. Lingekuwepo fundo moja tu, siku yake ingepona. Hapakuwa na fundo. Kilichomuuma zaidi ni kiraka kimoja cha kijani ambacho mama, kwa macho yale, alikiunga kombo. Fundi angekifumua akakinyoosha. Bibi Harusi hakukigusa. Alikuwa amekizungushia ua likiinama upande uleule, hata ule ukombo ukaonekana ulikusudiwa.

Fundi aliliangalia ua lile akatamani liwe lake. Hakutamani kulipata. Alitamani liwe limetoka mkononi mwake, na mwenzake asimame kando akiliangalia hivihivi.

"Na mmekubaliana nini, wewe na mama?"

"Bei ya ubaoni, wifi."

"Umemlipisha mama mkwe wako?"

"Nilikataa! Haki nilikataa, tena mara mbili. Akaanza kukunja kitambaa chake. Anasema, 'Basi na wewe pia hunitaki.' Ningefanyaje? Nikapokea."

Mwenye masikio angesimama kwenye lile neno "pia". Fundi hakusimama. Yeye alikuwa ameshapata alichokifuata. Bibi Harusi amemlipisha mama! Alitoka pale na kashfa yake mkononi, anaitembeza kwa uangalifu kama aliyebeba keki, hata bobini akazisahau.

Mama alikuwa jikoni, anachambua vifungo vya zamani kwa vidole, vyenye matundu mawili huku, vyenye matundu manne kule. Hakuinua kichwa.

"Hiyo miguu ya nani inayogombana na sakafu?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nani kakuudhi?"

"Mama, yule mkwe wako hana haya. Anapokea hela yako! Ametoka kwao hana kitu, sisi tukampa ndugu yetu, mimi nikampa ufundi, leo anakutoza wewe kama mpita njia. Angekuja mtu mwingine ningenyamaza, lakini wewe?"

"Maliza kabisa."

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Umebakiza kusema una wivu." Mama aliokota kifungo, akakipapasa, akakiweka upande wa manne. "Wewe tangu utotoni hivyo. Mdogo wako akipewa uji, unaangalia kikombe chake kina ujazo gani, wako unapoa."

Fundi alilazimisha kicheko. "Kwani mimi nilikukatalia, mama? Si nilikwambia bure?"

"Ulinambia." Mama akaacha vifungo. "Lile langu la kwanza liko wapi?"

"Lipi?"

"La mistari. Nililokuletea wakati mjukuu anatambaa. Nalo ulisema bure."

Yule mjukuu sasa alikuwa anaenda shule na kurudi akiwa amepigana.

"Lipo, mama. Lipo salama. Kazi za watu tu zilikuwa zinabana, nikimaliza hii inaingia ile..."

"Kazi za watu. Za wanaolipa." Mama hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Mwanangu, mimi nimeshona sare miaka yote hiyo. Anayelipa, kesho asubuhi yuko mlangoni, 'Fundi, vipi?' Nami nahangaika. Wa bure anaulizaje? Anapita kwa mbali anakohoa. Mimi kwako nimekohoa mpaka nimechoka."

"Ungesema tu, mama!"

"Ndiyo nikaja na hili la sare nikakuuliza bei. Nilidhani utanitajia hata kidogo, ili na mimi nipate mdomo. Ukanipa bure tena. Bure yako naijua, mwanangu. Ina foleni ndefu. Na mimi macho haya hayana foleni."

Basi. Fundi aliaga, hakujua kwa maneno gani.

Karakanani kwake kulikuwa na gunia la kazi za bure, kule nyuma ya marobota ya pamba. Alilimwaga. Likatoka blanketi la shangazi, likatoka la rafiki wa shule aliyegombana naye bila kujua sababu, na sasa sababu akawa ameishika mkononi. Chini ya yote likatoka la mama, lile la mistari, limeshika alama za mikunjo. Alilitandaza mezani, akachukua futi, na kwa mara ya kwanza tangu afungue mlango ule akapima kitambaa cha ndugu.

Akapima urefu na upana. Akaongeza uzi, akaongeza pamba, akaongeza mgongo wake na bega lake la kulia linalouma kila akimaliza blanketi kubwa. Bega lile hajawahi kulitoza mtu. Akapata bei.

Na hapo, badala ya kutulia, akakumbuka ubao wa banda la gari. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya Bibi Harusi!

Alikaa akiangalia ukuta. Angeweza kukata kidogo, ashuke chini ya yule mwingine, mama aone nani anamjali. Alikata. Akaona amelikata bega tena, na kazi ya bega lisilolipwa ndiyo inayolala guniani. Akarudisha. Akakata tena, hivi kidogo tu, kwa ajili ya ubishi. Mwisho, siku ya tatu, akajiambia, wewe mtu mzima, acha ushamba, akairudisha bei palepale ilipostahili, akalikunja blanketi la mistari, akatoka nalo. Alipita mbele ya duka langu bila kuniangalia. Nilijificha nyuma ya zipu.

Kwa mama aliwakuta wote wawili. Bibi Harusi alikuwa amelileta lile la sare, limekwisha, limekunjwa kingo, na mama alikuwa amejifunika tayari mpaka kidevuni, mchana kweupe, na joto lile. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya nyuzi. Vilifuata wimbi, vikapanda ua, vikasimama kwenye kile kiraka cha kombo. Mama akatabasamu peke yake.

Fundi aliliona tabasamu lile likamwingia kama sindano isiyo na uzi. Macho yake yenyewe yakaanza kutafuta kosa, pembe ya juu, pembe ya chini, ukingo. Akayakataza. Yakaenda tena.

"Karibu, wifi," Bibi Harusi alisema, akasogea kwenye benchi kumpa nafasi. Fundi hakukaa.

"Mkono wako mzuri," Fundi alimwambia. Kulisema neno lile ilikuwa kama kung'oa jino, na jino lenyewe halikutoka lote.

"Mwalimu wangu ni wewe."

"Niache, bwana."

Alilitandaza lile la mistari miguuni pa mama, juu ya sakafu, na kulinyoosha mikunjo kwa kiganja. Mikunjo ya muda mrefu hainyooki kwa kiganja. Mama alisikia kitambaa kikitandazwa. Aliinamisha kichwa kidogo upande ule, kama mtu anayesikiliza hatua zinazokuja, lakini mikono yake haikutoka juu ya maua ya Bibi Harusi.

"Mama," Fundi alisema, "nimekuja na lile la kwanza. Nimelipima." Akaiacha mikunjo. "Naomba uniulize bei."

Vidole vya mama vilizunguka ua, vikarudi mwanzo. Bibi Harusi akaangalia viatu vyake.

"Niulize, mama. Nitaitaja yote, sipunguzi. Niulize tu."