Maziwa Kabla ya Mtoto

Bi Fausta wa kijiji cha Mbingu hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Siku alipoona kitenge cha mkamwana wake Paskalina kimelowa maziwa kifuani, naye anajua fika kwamba binti huyo ana miezi mitano hajaona siku zake, alihukumu palepale: mjukuu anakuja. Miaka saba ya ndoa, jamani! Akatangaza kwenye jumuiya baada ya sala, akachana khanga zake mbili laini kuwa nepi, akampiga marufuku Paskalina kukanyaga shambani.

Paskalina akakubali kukaa nyumbani. Angekataaje kitu alichokililia miaka saba? Lakini mwezi wa saba wa kukosa siku zake ulifika na tumbo bado bapa, wala hakuna kilichocheza. Bi Fausta alisema mimba za ukoo wao hujificha. Paskalina akaaga kwamba anakwenda kliniki, akapanda basi la Ifakara.

Daktari Aikande alimpima mkojo na tumbo: mimba hakuna. Akampima damu, akamwagiza picha ya kichwa, na majibu yote yalipotimia akamweleza taratibu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, na kwenye tezi yake kumeota kiuvimbe kama punje ya ulezi, si saratani. Kinafanya homoni ya maziwa izidi, mwili unadhani unanyonyesha, kwa hiyo mayai hayapevuki na damu haiji. Dawa ipo, kidonge mara mbili kwa wiki.

“Maziwa yatakauka, siku zako zitarudi,” alisema. “Hapo ndipo tutazungumza habari za mtoto.”

Maziwa yatakauka. Hilo ndilo lililomchoma. Kila asubuhi akioga alijiminya, tone jeupe likatoka, naye akalitazama kwa hamu ambayo asiyekosa mtoto haijui. Hakuwahi kuwa na kitu kingine cha mtoto ila hicho. Vidonge akavificha kwenye kopo la mbegu za bamia, siku zikapita.

Wakati huo mpunga ulikuwa umetoa masuke, na kwelea kwelea wa bonde hili hawana huruma. Kazi ya kuamia, kuwafukuza ndege hao, ilikuwa ya Paskalina miaka yote. Sasa Bi Fausta, mwenye miaka sitini na mitatu, akapanda mwenyewe dunguni, kwenye jukwaa la miti katikati ya shamba, kutwa akivuta kamba zilizofungwa makopo ya kelele na kupayuka, ili mkamwana apumzike.

Wiki ya tatu Paskalina alipeleka uji shambani. Alimkuta mama mkwe miguu imevimba, sauti imekauka kabisa, bado anavuta kamba. Bi Fausta akamkaripia kwa kunong’ona, mjamzito gani anabeba sufuria juani. Aibu ikamjaa Paskalina. Akapanda dunguni, akakaa karibu naye, akasema yote.

Bi Fausta aliiachia kamba, ndege wakatua kwenye mpunga. Hakuwafukuza.

“Dawa umeanza?”

“Bado, mama. Nikimeza, maziwa yanaondoka.”

“Mwanangu, sauti hii sikuipoteza kwa ajili ya maziwa, ila kwa ajili ya mtoto. Nenda kameze. Kamba niachie.”

Akameza jioni ileile. Maziwa yakapungua wiki kwa wiki, na asubuhi moja akajiminya, pakavu. Alilia kama aliyefiwa, na mumewe Vitus alishindwa kumbembeleza. Jumuiya ilipouliza habari za mimba, Bi Fausta aliwajibu kwamba aliyekosea ni yeye, wamwache mkamwana wake.

Mpunga ulishavunwa, Paskalina yuko uani anaanika, alipohisi unyevu. Akaenda chooni, akaiona damu. Miezi mingapi! Alitoka hajui acheke au alie, akasimama tu mlangoni ameshika nguo yake.

Bi Fausta alimtazama mara moja. Akaingia ndani, akarudi na furushi la zile nepi za khanga, akachomoa moja.

“Tumia hii,” alisema. “Zilizobaki namtunzia mwenyewe, akija.”