Mtumishi wa Mia Tatu na Kumi na Tatu

Saa mbili na robo asubuhi foleni ya dirisha la mishahara ilikuwa imeshapinda kona hadi stoo ya gundi, na Mama Mishahara alikuwa ameshaulizwa mara sita kama hela zinaingia leo. Jibu lake lilikuwa lile lile: zitaingia, akifunga hesabu na kuzituma benki kabla ya saa sita, na hatazifunga kama wataendelea kumuuliza. Walicheka, wakaendelea kumuuliza. Kiwanda kilikuwa cha magodoro. Watu walitembea na chenga za sponji kwenye nywele, na hata chai ya pale ilikuwa na ladha ya sponji.

"Mwezi huu nipo?" Mzee wa gundi alikuwa amejaza uso wote kwenye tundu la kioo.

"Upo, mzee wangu. Nilikuhakiki mara tatu."

"Ya nne haidhuru."

Hofu yake ilikuwa na sababu. Mwezi uliopita makao makuu waliamka na wazo la kuwasaka wafanyakazi hewa, wale wanaopokea mshahara bila kuwa na mwili. Kila mtumishi alitakiwa kusimama dirishani na kitambulisho, ataje jina lake kamili, na Mama Mishahara ajibu swali moja kwenye kompyuta: Je, mtumishi yupo? Ambaye hatajibiwa, mtambo ungemfuta wenyewe tarehe moja. Kwa wiki mbili alihakiki watu mia tatu na kumi na wawili. Mshonaji mmoja alifuatwa mpaka wodi ya wazazi, akatajishwa jina lake kamili katikati ya uchungu. Hewa hakupatikana hata mmoja, na makao makuu walinuna.

Saa tatu simu ililia. Mdogo wake.

"Dada, kadi yako ya bima imekataa."

"Imekataaje? Ifute na kitambaa."

"Nimefuta, nimepuliza, nimeisomea dua. Wanasema mwenye kadi si mtumishi wa mahali popote. Mama ameshavalishwa gauni la upasuaji, na daktari anaanza saa nane. Kadi isipokubali mpaka saa sita, nafasi anapewa mwingine, sisi turudi baada ya miezi mitano."

Kwa miaka miwili mtoto wa jicho alikuwa amemla mama yao mwanga taratibu. Wiki iliyopita alimsalimia stuli kwa heshima zote, akidhani ni mama mkwe wa jirani. Walicheka mpaka wakalia, kisha wakalia bila kucheka.

Mama Mishahara alifungua orodha kwenye kompyuta. Mia tatu na kumi na wawili wapo. Akashuka hadi mstari wa mwisho, akakuta namba yake mwenyewe imepakwa rangi ya kijivu: HAYUPO. Alikaa akiitazama. Wiki mbili nzima alikuwa upande huu wa kioo akiwauliza wengine kama wapo, na hakuna aliyepita upande ule akamuuliza yeye.

Alifunga dirisha, akaenda kwa meneja wa utumishi. Wafanyakazi walimwita Kifungu, kwa sababu hata chafya yake ilikuwa na namba ya kanuni. Jana tu alimnyima ruhusa ya kumsindikiza mama yake hospitali: wiki ya mishahara hairuhusiwi mtu kutoka, kifungu cha kumi na nne.

"Pole sana," alisema Kifungu baada ya kuelezwa, akifungua jalada. "Jaza fomu ya marekebisho, isainiwe na afisa mhakiki."

"Afisa mhakiki ni mimi, bosi."

"Kwa sasa wewe hupo. Asiyekuwepo hawezi kusaini."

"Basi mteue mwingine."

"Barua ya uteuzi inapitia dawati la mishahara."

"Nalo ni mimi."

"Hapo ndipo penye ugumu." Kifungu alikuna kidevu. "Labda tukuajiri upya, kama mgeni. Miezi sita ya majaribio, na bima ya wategemezi inaanza baada ya hapo."

"Nina miaka kumi na mmoja hapa!"

"Alikuwa nayo yule aliyefutwa. Hebu kafunge mishahara kwanza, tutaliangalia wiki ijayo."

Mama Mishahara alimtazama. Akifunga hesabu sasa, hela za watu zitaingia, za Kifungu pia, na wiki ijayo itakuwa na wiki ijayo yake. Alitoka, akalipita dawati lake, akaenda kukaa kwenye benchi la wafanyakazi, nje ya dirisha lake mwenyewe.

"Unangoja nini huku?" aliuliza mzee wa gundi.

"Nangoja kuhakikiwa. Mimi ndiye hewa wenu." Akawaeleza. Moyo ulimwuma, maana hela za hawa nazo zilikuwa zimekaa naye pale benchini. "Nikikawia kuzituma, na ninyi mtalala njaa. Mkisema niingie, naingia."

Mzee wa gundi alijikuna, chenga za sponji zikadondoka.

"Njaa tumeizoea," alisema. "Sogea nikae."

Saa tano na dakika ishirini Kifungu alitoka ofisini mwake, akaingia kwenye chumba cha mishahara, akakaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyepandishwa juu ya ngamia. Walimwona kwa kioo akibonyeza hapa, akibonyeza pale. Mtambo ulipiga kelele. Akainama kwenye tundu.

"Mama! Neno la siri ni lipi?"

"Muulize afisa wa mishahara, bosi."

"Usinitanie. Zimebaki dakika thelathini na tano!"

"Na za mama yangu ni hizo hizo."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, wa pili akadakia, na kicheko kikapinda kona mpaka stoo. Kifungu alitazama saa. Yeye naye alikuwa na kodi ya nyumba na ada za watoto watatu. Hilo Mama Mishahara alilijua kuliko mkewe. Akachukua simu ya mezani.

"Makao makuu? Kuna mtumishi wetu mmemzima. Mrudisheni, na bima yake. Ndiyo, yupo. Yupo! Namwona hapa kwa macho yangu, ananiudhi."

Ilichukua dakika nne. Mdogo mtu akapiga: "Dada, imekubali! Sijui nani katuombea." Mama Mishahara aliingia chumbani mwake, na saa sita kasoro dakika tisa hesabu za watu mia tatu na kumi na tatu zilikuwa benki.

"Ni kifungu gani kilichotumika, bosi?" aliuliza bila kugeuka.

"Cha dharura." Kifungu alikohoa. "Kuna jambo dogo. Kumbukumbu zinaonyesha leo hukuwepo kazini kwa zaidi ya saa mbili. Huo ni utoro, unakatwa siku nzima. Ingiza kato hilo mwenyewe, lianze kwenye mshahara ujao."

Aliliingiza. Akachapa karatasi ya kato, akaigonga muhuri, akaisogeza mbele ya Kifungu pamoja na kalamu. Kifungu, ambaye hakuwahi kuinyima karatasi saini, alisaini. Mama Mishahara aliikunja, akaitia kwenye mkoba, akauning'iniza begani.

"Unakwenda wapi? Wakurugenzi wanataka ripoti saa tisa!"

"Siku ya leo mmeikata, bosi, na umesaini. Ni yangu yote." Na akatoka, huku foleni ikimfungulia njia na mzee wa gundi akimshikia mlango.

Alifika hospitali saa saba na nusu. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, gauni la kijani limemzidi mabega, akigeuza shingo kufuata nyayo.

"Ni wewe? Si walikunyima ruhusa?"

"Nimeinunua, mama."

"Kwa bei gani?"

"Mshahara wa siku moja."

Mama alisonya kwa nguvu, mpaka muuguzi akageuka.

"Siku nzima! Na wewe ukatoa tu?" alisema, akiutafuta mkono wa binti yake hewani mpaka akaupata. "Ungewaomba wapunguze."