Matairi Yaliyopakwa Mawese

Masika yote ya mwaka ule gari la kliniki lilisimama Kasulu, pembe yake moja ya mbele imebanana na ukuta wa ghala, kwa sababu petroli haikupatikana. Halikuwa gari kama magari mengine. Wazungu walilitengeneza kwa matembezi yao. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko, sinki na pipa la maji. Wafadhili wa ng'ambo walipolitoa zawadi, kitanda kikawa cha wajawazito, na jiko likawa la kuchemshia sindano. Watoto wa barabarani waliliita Nyumba Inayokwenda. Dereva wake, Longinus, aliliita Mama.

Na mtu hamwachi mama yake akae hivi hivi, kama jiwe la njiani. Kila Jumamosi Longinus alilowesha kitambaa kwa mawese, akayasugua matairi mpaka yakameta. Kwao Uha ngozi hupakwa mafuta isikauke, na mpini wa jembe jipya hupakwa vilevile. Kitu kisichopakwa hupasuka. Hilo alilijua tangu utoto. Kwa hiyo alipoona nyufa nyembamba kwenye mbavu za matairi, kama mistari ya kiganja, aliongeza mafuta. Tairi moja tu la mbele, lile la upande wa ukuta, mkono wake haukulifikia. Lilibaki na vumbi lake, naye alilionea aibu.

"Longinus, gari hilo unalitunza au unaliposa?" Tamimu mwenye duka alimtania kutoka barazani. "Mke wangu hajapata kupakwa mafuta hivyo!"

"Ndiyo maana analalamika kila siku, shehe. Jaribu na wewe."

Tamimu alicheka mpaka akashika mbavu.

Kisha habari ikaja kwamba surua imeingia kijiji cha Murungu. Petroli ikatafutwa, ikapatikana. Longinus hakulala vizuri. Binti yake Ernesta alikuwa ameolewa hukohuko Murungu, na mtoto wake wa kwanza alikuwa hajachanjwa bado. Asubuhi alimkuta Sista Generosa, muuguzi aliyehamishiwa Kasulu kutoka Bukoba, akipanga chupa ndogo za chanjo ndani ya sanduku la barafu.

"Mwakeye, Mzee Longinus." Salamu ya Kiha alikuwa ameshaijua. "Matairi je? Gari limekaa muda mrefu."

"Tazama mwenyewe, Sista. Hata kipara hayana."

Generosa aliinama, akatazama. Kashata za mpira, zile zinazoshika barabara, zilikuwa nzima, zimesimama kama za tairi la dukani. Akaridhika. Wakajaza pipa la maji mpaka juu, wakapakia maziwa ya unga na mablanketi, wakaondoka.

Jua lilikuwa limeshawaka pale tairi la nyuma lilipopasuka. Mlio ulikuwa mkubwa, kisha gari likaserereka, likakokota tumbo lake mpaka mtaroni na kuinama. Pipa likamwaga maji yote. Generosa alikuwa amelikumbatia sanduku, paji la uso linatoka damu.

"Niko salama," alisema. "Barafu nayo ipo. Badilisha upesi, mzee wangu."

Longinus alipiga jeki, akateremsha tairi la akiba. Hilo ndilo alilolipenda kupita yote, maana lilikuwa halijawahi kugusa barabara, na kila Jumamosi alilipaka mara mbili. Alianza kulijaza upepo. Ubavu wake ukavimba upande mmoja kama shavu la mwenye jino bovu, kisha ukachanika polepole mbele ya macho yao. Generosa akaubonyeza kwa kidole. Kidole kilizama. Mpira ulikuwa laini, unanata kama ulimbo.

"Hili limepatwa na nini?"

Longinus alilizunguka gari akibonyeza tairi moja moja. Yote yalinata. Alipolifikia lile la mbele, lile la vumbi, akakuta ni gumu na zima. Akakaa chini palepale, mkono wake unanuka mawese.

"Ni mimi, Sista. Nililipaka mawese kila moja isipokuwa hili."

Generosa alichukua blanketi, akalifunika sanduku, akaliweka uvunguni mwa gari penye kivuli. Wakangoja. Barabara ile haikuwa na magari. Mara kwa mara Generosa aliingiza mkono sandukuni, na kila alipoutoa ulikuwa umelowa zaidi.

Lori la tumbaku lilipowaokota, jua lilikuwa linaelekea kushuka. Ndani ya sanduku yalikuwa maji matupu, yana uvuguvugu. Juu ya magunia Longinus alimsogelea muuguzi.

"Wachome tu, Sista. Chupa hazikuvunjika. Nani atajua?"

"Surua itajua," alisema Generosa. "Joto limeiua dawa. Nikiwachoma, mama zao wataacha kuogopa, na watawapeleka watoto kwenye nyumba zenye ugonjwa. Chanjo nyingine itabidi itoke Kigoma."

"Mjukuu wangu yumo, Sista."

"Najua, mzee wangu."

Murungu, akina mama walikuwa wamekaa chini tangu asubuhi, watoto migongoni. Waliposikia lori walisimama, wakajipanga foleni bila kuambiwa. Generosa alitaka kusema, lakini Longinus alimshika mkono. Akawaambia mwenyewe, kwa Kiha, kwamba dawa imeharibikia njiani kwa sababu ya matairi, na matairi aliyaharibu yeye kwa kuyapaka mafuta. Hakuna aliyempigia kelele. Mmoja aliuliza lini watarudi. Akasema hajui, matairi hayapatikani. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakizifunga upya kanga zao, na Generosa akawafuata nyumba kwa nyumba kuwaonyesha jinsi ya kuwatenga wagonjwa na kuwaosha macho.

Ernesta alibaki peke yake.

"Baba," alisema, "mtoto wa jirani yangu amezikwa jana. Nilikuwa nikimwambia huyu, babu anakuja."

Alimfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi babu yake. Mtoto alikuwa mzima, hana homa, mwili wake wa baridi kama mwili wa mtoto yeyote jioni. Longinus alimweka kifuani, mkono uliobonyeza matairi ameuficha nyuma, asije akampaka mawese.